Nyota ya Pazong

Tulikuwa sitini na wanne, sasa sitini na mmoja,
shule ya mkataba ndani ya lililokuwa duka la matairi.
Jua la Arkansa likikaza, sakafu bado inanuka mpira
na watoto huniuliza nani amechoma raba.

Mimi ndiye karani. Pia kengele, pia plasta ya goti,
pia sauti ya simuni inayomwambia mama aliye zamu ya usiku
kwamba Elmer ana homa, aje, au amtume mtu.
Na kila mwisho wa Mei jimbo hunitumia jedwali:
weupe wangapi, Walatino wangapi, wa visiwani wangapi,
wangapi mlo wao ni wa bure,
wangapi wanaota ndoto kwa lugha isiyo ya mtihani.
(Hilo la ndoto nimeongeza mimi. Jimbo halikuuliza.)

Elmer alipopewa fomu aliinua kalamu, akaishusha.
"Mama Guatemala, baba Stallcup wa hapa hapa.
Nimtie mmoja, mwingine nimwache nje na mvua?"
Nikamwambia aweke alama mbili.
Kompyuta ikamtoa kote kuwili, ikamwita Mchanganyiko,
neno lile lile la magunia ya chakula cha kuku
yanayopita mbele ya dirisha letu kutwa.

Barua imekuja: kusoma kumeporomoka, asilimia nne.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Waliofanya mtihani ni hamsini,
kwetu asilimia nne ni watoto wawili
na wote wawili nawajua hadi viatu.
Mmoja Rowdy Gaddy: jino la nyuma lilimvimba,
akasoma hadithi ya nyuki kwa jicho moja,
shavu kaliegemeza kwenye chupa ya maji baridi.
Wa pili Hertina Lokboj. Asubuhi ile alikuwa hospitali
akimfasiria bibi yake maneno ya daktari wa figo,
Kiingereza kwenda Kimarshali, Kimarshali kurudi,
bila kukosea dozi hata moja.
Akafika saa nne na nusu. Akalala juu ya swali la tisa.

Sasa mstari wa chini kabisa. Maelekezo yanasema:
kundi lisilofika watu kumi, usiandike namba,
weka kinyota, asije mtu akatambulika.
Basi nyota kwenye kusoma, nyota kwenye hesabu,
nyota kwenye mahudhurio,
mbingu nzima kwa ajili ya Pazong Xiong,
Mhmong wetu wa pekee, darasa la sita,
ambaye mji wote unamtambua kwa buti za baba yake.

Kabla basi halijafika huwa ameshapita banda zima,
vifaranga elfu ishirini na mbili, akiokota waliokufa.
Asilimia aliijua kabla Mwalimu Loftis hajaitaja:
wakifa ishirini na wawili, ni sifuri nukta moja;
wakizidi, baba hanywi chai.

Leo kaja kuchukua plasta, macho yakatua kwenye kioo changu.
"Hizo nyota ni nini?"
"Ni wewe."
Akahesabu kwa kidole. "Niko sita?"
Akacheka, kisha akaacha.
"Anayesoma huko juu atajua nimepata ngapi?"
"Hatajua."
"Na nikikosa yote?"
"Hatajua pia."

Akabandika plasta kisiginoni, polepole,
akaniambia malori yanakuja saa nane usiku kubeba kuku,
watakamata mpaka alfajiri, kesho atachelewa.
Nikafungua kitabu cha mahudhurio, tarehe ya kesho,
nikaandika kwa penseli: Xiong, amechelewa.
Nikapuliza vumbi la penseli,
nikaenda kugonga kengele.